Hapana ya Bi Kwa Nini

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini pale chuoni halikuwa na kazi. Kuanzia walinzi wa getini mpaka wahadhiri wenye mvi zao, wote walimwita Bi Kwa Nini. Na usidhani walimwonea. Ukimwambia mvua itanyesha, atataka kujua kwa nini haikunyesha jana, siku aliyokuwa na mwavuli. Ukimwambia mkutano umeahirishwa, atauliza kwa nini, na ukimpa sababu, ataiuliza sababu yenyewe nayo imetoka wapi. Watu wenye haraka zao walipomwona kwa mbali kwenye korido walikuwa wakila kona.

Alianza mapema. Mama yake alikuwa fundi cherehani, akawa anamkalisha karibu na mashine ili amwone vizuri, kumbe anajitafutia balaa mwenyewe. Mteja akija kupimwa, mtoto anauliza kwa nini shangazi anataka gauni la kumbana namna hiyo wakati hata sasa anahema. Mama anamziba mdomo kwa mkono mmoja, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, anaomba radhi huku anajizuia kucheka, na mteja ananuna. "Huyu sijui ataolewa na nani," mama alikuwa akisema, "labda hakimu." Hakuolewa na hakimu. Aliolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole, aliyemjibu maswali yake yote bila kuchoka mpaka alipofariki. Watoto wao wawili walikua, wakaenda na maisha yao. Nyumbani akabaki yeye na baba yake mzazi.

Chuoni aliingia kama taipisti, zile enzi ofisi nzima ililia ta-ta-ta kutwa nzima. Baadaye akahamishiwa usajili, na kutoka usajili akapanda taratibu, ngazi kwa ngazi, kwa sababu alikuwa mtu ambaye ukimpa kazi haiozi mezani. Alijifunza jambo moja njiani, nalo lilimuuma kulijifunza: kwamba wakubwa hawapendi kuulizwa. Kwa hiyo akawa anayameza maswali yake makubwa, anabaki na yale madogo ya mvua na mikutano, ambayo hayamdhuru mtu. Watu wakamwita Bi Kwa Nini kwa yale madogo. Yale makubwa hawakuwahi kuyasikia.

Sasa tuje kwenye kigoda.

Wafadhili walikuwa wamekipa chuo kigoda cha utafiti wa takwimu. Maana yake ni nafasi ya heshima: profesa mmoja aliyebobea anapewa ofisi, wasaidizi na muda wa kutafiti bila kukimbizana na vipindi vya kufundisha, na yeye kwa upande wake anawalea watafiti wachanga mpaka wasimame wenyewe. Kwa idara ya takwimu hilo lilikuwa jambo kubwa. Kilichobaki kilikuwa kumpata mtu wa kukikalia, na kazi ya kuratibu msako huo akapewa Bi Kwa Nini, pamoja na chumba kidogo mwisho wa korido ya utawala na kibao mlangoni. Alikipenda kile kibao. Asubuhi kabla hajaingia alikuwa akikipangusa kwa ncha ya mtandio wake, huku akitazama pembeni kama vile anafanya kitu kingine.

Profesa wa kwanza alikuja, mwanamume mrefu mcheshi. Alitembezwa, akasifu kila kitu, akapeana mikono na kila mtu. Wiki iliyofuata akaandika kwamba anashukuru sana ila hataweza. Wa pili naye alikuja. Huyu aliomba kwenda msalani akakawia mno, mpaka akaokotwa huko nyuma karibu na stoo, anatazama madirisha. Alisema amepotea. Naye akaandika kwamba anashukuru sana ila hataweza.

Kwa nini? Swali hilo lilimkaa Bi Kwa Nini kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawakuliona. Wageni wote wawili walianza ziara kwa maneno mengi, na wote wawili, kufika katikati, walinyamaza. Hawakukasirika wala hawakuchoka. Walinyamaza tu, wakawa wanatikisa kichwa kwa adabu mpaka mwisho.

Alikwenda kwa Naibu Mkuu wa Chuo, akaomba ruhusa awaandikie wale maprofesa awaulize.

"Uwaulize nini?" Naibu akashangaa.

"Kwa nini walikataa, mzee."

"Ili watucheke? Hapana. Tatizo ni mandhari. Mgeni anaangalia mandhari."

Naibu huyu, wafanyakazi walimwita Mapazia, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Kila alipokuja mgeni aliagiza mapazia mapya. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikipenda chuo kwa moyo wake wote, na aliona aibu kwa ajili yake kama mtu anavyomwonea aibu ndugu aliyekuja harusini na viatu vilivyochanika. Kukataliwa kwa mara ya kwanza kulimletea mapazia ya ukumbi. Kwa mara ya pili, mapazia ya korido, ambayo haikuwa na madirisha ya maana. Na sasa alikuwa na taarifa nyingine.

"Wafadhili wamechoka," alisema. "Huyu wa tatu akikataa, kigoda kinapelekwa chuo kingine. Na kigoda kikienda, hii ofisi yako haina kazi tena. Utarudi usajili. Lakini hapa usajili wamejaa, kwa hiyo itakuwa kule tawini."

Tawini kulikuwa mji mwingine, mbali. Bi Kwa Nini alisema "Sawa, mzee," akatoka, akasimama koridoni kati ya mapazia na ukuta. Hakuwa akijifikiria yeye.

Baba yake alikuwa mpeleka barua maisha yake yote ya kazi. Mji ule aliujua kwa nyayo. Uzeeni macho yakazimika, la kwanza kisha la pili, na watu wakadhani sasa atakaa kitini angoje siku. Wapi! Alishika fimbo yake, akaanza upya: mlango, ngazi, ukuta wa jirani wenye tofali lililotokeza, mfereji, harufu ya duka la mafuta ya taa, kisha kelele za mashine ya kinyozi. Kila asubuhi alikwenda mwenyewe mpaka kwa kinyozi, bila kushikwa mkono na mtu, akakaa benchi la wateja akibishana habari za dunia mpaka adhuhuri, akarudi mwenyewe. Mtu akijaribu kumwongoza alikuwa akisema, "Niache, nina barua za kupeleka." Hapo ndipo alipokuwa mtu mzima na si mzigo. Ukimhamishia mtaa mwingine, katika umri ule, utakuwa umempofusha mara ya pili.

Binti yake alilijua hilo. Jioni ile alimweleza habari ya tawini kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza bei ya vitunguu. Mzee alisikiliza, akauliza tu profesa mwenyewe anakuja lini.

Profesa wa tatu alikuwa mwanamke mfupi, mtu mzima mwenye miaka yake sitini na kitu, raba miguuni na mkoba mkubwa begani kama wa mkunga. Bi Kwa Nini alimpokea getini.

"Karibu sana, Profesa. Pole na safari."

"Nimeshapoa, mdogo wangu. Yule paka pale juu ya kibanda cha walinzi, ni wa chuo au ni mgeni kama mimi?"

Bi Kwa Nini alimtazama paka, ambaye alikuwa amempita miaka yote bila kumfikiria. "Sijui," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, "Nitauliza." Wakacheka wote wawili.

Mapazia alikuwa amejipanga. Kulikuwa na chumba cha kompyuta, zimesimama mistari miwili zinang'aa. Ukweli wake ni kwamba ziliazimwa kutoka kitivo cha biashara, zikahamishwa jana yake kwa mikokoteni. Kulikuwa na wanafunzi sita waliovaa vizuri, mmoja mmoja akasimama kueleza anavyoipenda takwimu, na wa nne alipokwama, wa tano akamnong'oneza neno. Kulikuwa na wahadhiri mezani wanatabasamu. Profesa alisikiliza yote. Mwanzo aliuliza maswali mengi. Kufika chumba cha kompyuta, akapunguza. Kufika kwa wanafunzi, Bi Kwa Nini akaona kile kimya kinaanza kumwingia mgeni, kilekile cha wale wawili.

Lakini huyu alikuwa na tabia yake. Alifungua mkoba, akapekuapekua, akatoa dadu. Dadu la kawaida la kuchezea, la mti, lililochakaa pembe.

"Naibu, nashukuru sana," alisema. "Hawa wote mmenichagulia nyinyi, na mmechagua vizuri. Sasa naomba wengine achague huyu. Ndiyo desturi yangu. Kila ninapokwenda naenda naye."

"Achague... nini, Profesa?"

"Mlango."

Mapazia alitazama lile dadu kama mtu aliyeletewa nyoka sahanini. Angesema nini? Msomi wa takwimu anataka kubahatisha. Utamkatalia kwa hoja gani? Wakaanza msafara. Profesa alikuwa akifika mwanzo wa korido, anahesabu milango, anarusha dadu juu ya kitabu chake, na likianguka tatu wanabisha wa tatu. Watu walishtukizwa na vikombe vya chai mkononi. Mhadhiri mmoja alikutwa amevua viatu, miguu juu ya rundo la mitihani ya kusahihisha. Fundi wa maabara alikutwa anakarabati pasi yake ya nyumbani, akaifunika kwa gazeti, na moshi ukatoka pembeni ya gazeti. Bi Kwa Nini alikuwa nyuma, na nisikufiche, pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo alikuwa anafurahi kama mtoto. Hajapata kuona mtu mzima mwenye cheo anayetaka kujua kitu kwa dhati namna ile.

Kila mlango Profesa aliuliza maneno machache ya salamu na kazi, halafu swali moja tu, lilelile: "Ungekuwa mimi, ungekuja?"

Na kila mlango mwenye chumba alimtazama Mapazia, aliyesimama nyuma ya bega la Profesa na tabasamu la harusini, kisha akasema, "Ndiyo, Profesa. Bila shaka." Yule wa viatu alisema ndiyo. Wa pasi alisema ndiyo, tena mara mbili, huku anapunga moshi. Mwanamama wa maktaba alisema ndiyo kabla swali halijaisha. Mapazia akachanua. Profesa akazidi kunyamaza, mpaka walipofika korido ya utawala alikuwa kimya kama maji ya mtungi.

Hapo ndipo simu ya Mapazia ilipolia. Walikuwa wafadhili, wanataka kujua mambo yanakwendaje. Akaomba radhi, akajitenga mpaka ukumbini, na sauti yake ikasikika kwa mbali ikisema "vizuri sana, vizuri mno."

Bi Kwa Nini alijua kwamba anayetakiwa kunyamaza ni yeye. Alijaribu kulimeza swali. Mwiba ukakataa kushuka.

"Profesa, samahani. Kwa nini umenyamaza?"

Profesa alimgeukia. "Umeona?"

"Na wale wawili waliokutangulia nao walinyamaza. Nimeshindwa kulala kwa ajili yao."

"Mama yako alikuwa anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

"Basi utanielewa upesi. Tuseme fundi anapima wateja kumi, wanene kwa wembamba, na futi inamwambia wote kiuno ni kimoja. Atasema watu wamelingana?"

"Atasema futi imeharibika."

"Mimi nimeuliza watu leo, wenye viatu na wasio na viatu, na wote wamenipa jibu moja. Sisemi chuo ni kibaya. Huenda ni kizuri kweli. Ila futi yangu imeharibika, mdogo wangu, na siwezi kuhamisha maisha yangu kwa futi mbovu."

Basi ndiyo hiyo! Bi Kwa Nini alihisi raha mpaka kwenye magoti. Kwa hiyo haikuwa nyumba, haikuwa ofisi, wala haikuwa mandhari. Walikuwa wamewaita watu ambao kazi yao ya kila siku ni kushuku vitu vinavyopendeza mno, wakawapangia vitu vinavyopendeza mno. Kila pazia alilotundika Mapazia lilikuwa linamfukuza mgeni hatua moja. Angemweleza marehemu mumewe, angecheka mpaka miwani ianguke.

Raha hiyo haikukaa sana, kwa kuwa Profesa alikuwa amekwisha kurusha dadu. "Mlango wa mwisho," alisema, akahesabu, akatembea mpaka mwisho wa korido. Akasimama mbele ya kibao kilichopanguswa vizuri.

"Huyu yupo ndani?"

"Ni mimi," Bi Kwa Nini alisema.

Waliingia. Profesa aliketi kwenye kiti cha wageni, ambacho mguu mmoja ulitegemezwa kwa karatasi iliyokunjwa, akaweka mkoba chini. Hakuwa na haraka. Aliuliza kazi za ofisi ile, akauliza nani yupo nyumbani. Bi Kwa Nini akamwambia kuhusu baba yake na fimbo na kinyozi. Kuhusu tawini hakumwambia. Alitaka kumwambia, akaona itakuwa kama kumwomba.

"Haya," Profesa alisema. "Wewe ungekuwa mimi, ungekuja?"

Neno lilikuwa dogo. Angelisema tu, kama wenzake wote walivyolisema, na wala lisingekuwa uongo mkubwa. Alifungua mdomo. "Ndi..." Akamwona baba yake anagusa lile tofali lililotokeza. Alikuwa na kila sababu ya kumalizia lile neno. Lakini miaka yote hiyo alikuwa akiuliza watu maswali, na watu wakimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na alijua uchungu wake. Huyu mama alikuwa amemuuliza kwa kutaka kujua. Hakuweza kumfanyia yeye alichokuwa akifanyiwa.

"Hapana," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

Profesa hakusogea. "Kwa nini?"

Ajabu ni kwamba katika umri wake wote alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo kwa dhati, na sasa ilipofika zamu yake maneno yalimwagika. Alisema kompyuta si zao, kesho zinarudi kwa wenyewe. Alisema wale wanafunzi walikaririshwa siku mbili, na kwamba wapo wengine wazuri kuliko hao ambao hawakuitwa kwa sababu wanabisha. Alisema wahadhiri wanafundisha mpaka hawana muda wa kukumbuka walichosomea. Alisema huko nyuma iko stoo yenye madodoso ya utafiti mmoja mkubwa, walioufanya wanafunzi kwa miguu, nyumba kwa nyumba, wakiuliza watu habari za maji na magonjwa, na paa linavuja juu yake, na kila mvua inafuta familia fulani, na hakuna mtu aliyewahi kuyahesabu.

"Yako wapi hayo?"

"Nyuma. Yule wa pili nadhani ndiye aliyeyaona dirishani."

"Nipeleke."

Walikwenda wawili. Profesa alisimama katikati ya yale maboksi yenye harufu ya ukungu, akafungua moja, akasoma ukurasa mmoja, akafungua jingine. Alisogeza maboksi matatu yaliyokuwa chini ya tundu la paa, akayapeleka pakavu, akapangusa mikono kwenye sketi yake. Akarusha dadu ndani ya mkoba na kusema wamrudishe hotelini.

Wakati wa kuaga, mbele ya watu wote, alimshika Mapazia mkono kwa heshima zote. "Naibu, zile kompyuta zinarudi kwa wenyewe saa ngapi kesho? Nisije nikazuia mikokoteni."

Jasho jembamba likamtoka Mapazia. Gari la mgeni lilipopinda kona, aligeuka.

"Nani amemwambia?"

Wahadhiri wakatazama viatu vyao. "Ni mimi, mzee," alisema Bi Kwa Nini. "Aliniuliza kama angekuwa yeye... yaani kama ningekuwa yeye, ningekuja. Nikasema hapana."

Mapazia hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimtazama kwa muda, macho yamelegea kama ya mtu aliyefiwa. "Nilikuwa nakipamba chuo chetu," alisema polepole. "Wewe umekivua nguo mbele ya mgeni. Anza kufunga vitu vyako."

Alifunga. Havikuwa vingi. Kibao cha mlangoni alikiacha, kwa kuwa hakikuwa chake, ingawa alikipangusa mara ya mwisho.

Nyumbani, baba yake alikuwa ameketi barazani na fimbo kati ya magoti. Alimweleza yote, na safari hii sauti ya bei ya vitunguu ilimshinda, akalia katikati. Mzee alimwacha alie.

"Sasa kwa nini hukusema ndiyo, mama? Neno moja tu."

"Aliuliza vizuri, Baba."

Mwanamke mmoja alipita barabarani, akawasalimu, wakaitika. Kisha mzee akasafisha koo.

"Huko tawini," alisema, "kuna kinyozi?"

Binti hakujua. Katika maswali yote aliyouliza duniani, hilo hakuliuliza. Aliingia ndani kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Siku zikapita, vitu vyake vikiwa katika boksi chini ya meza, barua ya uhamisho ikingoja sahihi. Asubuhi moja Mapazia alimwita ofisini kwake. Alikuwa amenyooka kitini, simu iko mezani, na uso wake ulisema hana nia njema.

"Profesa yuko kwenye laini. Kaa. Nataka ulisikie mwenyewe hilo jibu." Akaifungulia simu sauti. "Naam, Profesa, endelea. Nakusikiliza."

"Nilikuwa nasema, nimekubali."

Mapazia alisimama, akakaa, akasimama tena. "Ume..."

"Nimekubali. Ila kwanza nikueleze kwa nini, maana huko kwenu naona hakuna desturi ya kuulizana. Nilibisha milango siku ile, na watu wote walinipa jibu moja. Nilikuwa nimeshakata shauri, nikirudi niandike kama wenzangu. Halafu mtu mmoja akaniambia hapana. Nikajua futi yangu ni nzima."

"Futi?" Mapazia alimtazama Bi Kwa Nini. "Futi gani?"

"Usijali. Paa la ile stoo litazibwa kabla sijafika, si ndiyo?"

"Litazibwa! Kesho!"

"Na kuna jambo moja nataka kulijua." Sauti ilitulia. "Mahali ambapo mtu anaweza kumwambia mgeni hapana, na asubuhi yake akaamkia kazini kwake kama kawaida, pale naweza kufanya utafiti. Pasipokuwa hivyo siwezi, hata mkinipa jengo la dhahabu. Kwa hiyo nakuuliza, Naibu. Yule mama wa mlango wa mwisho. Bado yupo kazini?"

Ile barua ya uhamisho ilikuwa juu ya meza, kati yao, kalamu imelala juu yake. Bi Kwa Nini aliitazama. Mapazia aliitazama. Alikuwa mtu anayependa vitu vionekane vizuri, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitakiwa kuvifanya viwe vizuri kabla ya kujibu. Aliichukua ile barua, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa koti.

"Yupo," alisema. "Hata sasa amekaa mbele yangu."

"Mdogo wangu, upo?"

"Nipo, Profesa."

"Yule paka, uliuliza?"

"Ni wa mlinzi wa zamu ya asubuhi," alisema Bi Kwa Nini, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Aliomba ruhusa ya saa moja, akakimbia. Mama mtu mzima, mtandio mkononi, anakimbia kando ya mfereji watu wanamshangaa. Kelele za mashine ya kinyozi alizisikia kabla hajaliona duka. Baba yake hakuwa benchini. Alikuwa kwenye kiti chenyewe cha kunyolea, shuka shingoni, na kichwa chake, kichwa cha mvi nyingi alizozitunza na kujivunia, kilikuwa cheupe kitupu, kinang'aa kama yai. Mvi zilikuwa zimetapakaa sakafuni.

"Baba! Umefanya nini?"

"Ni wewe?" Mzee aligeuza uso upande wake. "Nimemwambia aondoe zote, tena karibu na ngozi. Zichukue muda kuota. Sijui huko kama kuna kinyozi, na sijui nitamfikiaje."

Kinyozi alikuwa ameshika mashine iliyozimwa. Alijifanya anaipuliza nywele, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

"Hatuendi, Baba," binti alisema. "Amekubali. Tunabaki."

Mzee akatoa mkono chini ya shuka, akaupitisha utosini, mbele mpaka nyuma, taratibu, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo tena.

"Sasa hapa kesho nitakuja kufanya nini?"

"Njoo hivyo hivyo, mzee," alisema kinyozi, akamfungua shuka.